Verlie na Mifupa ya Bata Mzinga

Wifi yangu Verlie Guidry ukimwomba gari atakupa, na ukiligonga, atakuuliza kwanza kama wewe umeumia. Akikutengeneza nywele na huna kitu mfukoni, atakuambia utalipa Mungu akipenda. Ni mtu wa mkono mwepesi. Lakini ile mifupa inayobaki kwenye sinia Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akishaliwa, hiyo usiiguse. Padri wetu aliwahi kunyofoa mfupa wa paja ampelekee mbwa wake, na Verlie alimfuata mpaka kwenye gari akamwambia, "Baba, mbwa wako nitampa soseji. Huo rudisha." Padri akarudisha, akatubariki, akaondoka haraka.

Msidhani ni uchoyo. Hapa Port Arthur, pwani ya Texas, kwa sisi ambao babu zetu walitoka Luiziana kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya mafuta, mifupa ile ndiyo gumbo la Ijumaa. Unaichemsha mpaka itoe utamu wake wote, unakaanga unga kwenye mafuta mpaka uwe na rangi ya kahawa, unatia bamia na soseji, halafu mchuzi huo mzito unaumwagia juu ya wali. Alhamisi watu huja kwa sababu ni lazima, wamevaa mashati ya kubana shingo, wanatazama saa. Ijumaa huja na kandambili, na hawaondoki. Tangu kaka yangu Alcide afariki, nyumba ya Verlie mwaka mzima ni yeye, redio, wateja wake wa saluni ya sebuleni, na mimi Odelia ninayeishi ukuta kwa ukuta naye. Ijumaa hiyo moja ndiyo nyumba inayojaa hadi watu wanakalia ngazi. Kwa hiyo anayeshika mifupa ameishika Ijumaa, na anayeishika Ijumaa anao wajukuu. Mambo ni hayo tu.

Kinachonichekesha ni kwamba Verlie mwenyewe hakuzaliwa kwenye gumbo. Kwao ni bara huko, Texas ya wahamiaji wa Kijerumani, watu wa mifugo na kwaya. Bata mzinga akibaki kwao, hukatwa vipande vikapoa, vikabanwa katikati ya mikate miwili iliyopakwa mayonezi, ndiyo habari imekwisha. Mifupa hutupwa. Mwaka wake wa kwanza kama bibi harusi, mtoto wa watu alitaka kuonyesha adabu, akainuka kusaidia kuondoa vyombo, akabeba sinia lile na mifupa yake yote akaitia kwenye pipa la taka. Mama yangu alipoingia jikoni akaona sinia tupu, alishika ukuta.

"Alcide!" mama aliita. "Huyu umemwokota wapi?"

Basi Verlie akafukua pipa lile akiwa amevaa viatu vyake vya harusi, kaka yangu akimmulikia tochi na kujizuia asicheke. Mama aliiosha mifupa, akaichemsha, akamkabidhi Verlie mwiko na kumwambia unga ule ukiungua na yeye ataungua nao. Verlie alikoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Tangu siku hiyo hakuna Guidry wa damu aliyeshika dini ya gumbo kama yeye. Mgeni wa dini ndiye anayefika kanisani kabla ya mlinzi kufungua.

Ametengeneza nywele za nusu ya wanawake wazee wa mji huu. Wengine amewatengeneza hata walipokuwa ndani ya jeneza, na anasema hao ndio wateja pekee ambao hawakumwambia alivyokosea. Amelea watoto wawili, Dalton na Renelle. Dalton ni fundi wa mabomba, mnene, mpole, hajaoa. Renelle ni muuguzi, na akaolewa na Khoa Dinh, kijana wa Kivietinamu ambaye kwao wana mashua za kuvulia kamba. Wakapata watoto, Emile na Linh. Verlie alifurahi. Alimpenda Khoa kuliko alivyompenda Dalton, naye Dalton alijua na hakujali.

Tatizo lilianza mwaka juzi, Renelle alipowaleta wakwe zake kwenye chakula cha Alhamisi kwa mara ya kwanza. Mama yake Khoa, Bi Tuyet, ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono ya kuvuta nyavu. Kwao mgeni anayekaa kitako wakati vyombo vichafu havijaoshwa ni mtu aliyekosa malezi. Kwa Verlie mgeni anayeosha vyombo amemtukana mwenye nyumba. Mlango wa jiko ulikuwa na vita vya tabasamu siku ile. "Kaa, mkwe mwenzangu, kaa." "Hapana, kidogo tu." "Nasema kaa, tafadhali." "Kidogo tu." Verlie akatoka dakika moja kumsindikiza padri, na hiyo dakika ilimtosha Bi Tuyet. Verlie aliporudi, jiko lilikuwa linang'aa, na sufuria kubwa ilikuwa motoni: mifupa ya bata mzinga, tangawizi, na mchele uliokuwa unageuka uji.

Jioni watu wakala uji wa mchele. Ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo, nilirudia. Watoto waliramba mabakuli. Verlie alitabasamu tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi ninayemjua nikajua kuna msiba. Kesho yake hapakuwa na mifupa, hapakuwa na gumbo, na wajukuu walikwenda kwa Bi Tuyet kumalizia uji. Nilipoingia kwa Verlie mchana nilimkuta mezani peke yake, anakula mkate wa mayonezi.

Mwaka jana wakwe walikuwa safarini, wakatunusuru. Mwaka huu Renelle alimjia mama yake wiki moja kabla ya sikukuu, mimi nikiwa kwenye kiti cha saluni na rangi kichwani.

"Mama," Renelle alisema, "nisikilize na usikasirike. Siwezi kuwaburuta watoto nyumba mbili Ijumaa moja wakale sufuria mbili. Emile akila mara mbili hutapika kwenye gari. Ijumaa tutakwenda nyumba moja tu. Mwenye mifupa ndiye atakayepika, na huko ndiko tutakwenda. Nimemwambia hivyo hivyo na mama mkwe."

"Sawa, mwanangu," Verlie alisema.

"Sawa tu?"

"Kwani unataka niimbe?"

Renelle alipotoka, Verlie alisahau kabisa kwamba nina rangi kichwani. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akatazama kioo.

"Wifi," aliniambia, "yule mama nitamwekea pilipili."

Nilidhani anataka kumuua. Kumbe mpango wake ulikuwa huu. Sisi bata mzinga hatumwoki, tunamkaanga mzima nje ya nyumba kwenye sufuria ndefu ya mafuta, na kabla ya hapo tunamdunga sindano kubwa, bomba lake unene wa kidole gumba, tunamjaza siagi, kitunguu saumu na pilipili mpaka ndani ya mifupa. Verlie alitaka mwaka huu amdunge pilipili kiasi kwamba uji wowote utakaotoka kwenye mifupa hiyo, mtoto hataweza kuutia mdomoni. Bi Tuyet akionja tu, atasalimu amri mwenyewe na kumwachia mifupa.

"Na gumbo lako je?" nilimuuliza.

"Gumbo lina maji mengi na bamia. Pilipili itapotelea humo."

"Na sisi tutakaokula nyama Alhamisi?"

"Mtakunywa maji. Odelia, wewe ni mjukuu wa watu waliokula mamba. Utaogopa pilipili?"

Hilo lilinigusa kwenye kiburi. Kwetu mtu akikuambia huwezi pilipili ni kama amekuambia hukubatizwa. Tunaamini kwamba pilipili iliumbwa kwa ajili yetu, na kwamba watu wengine wote wa dunia hii hula chakula cha hospitali. Nilitoka pale na nywele rangi ya karoti.

Alhamisi Dalton aliwasha jiko la gesi uani mapema. Nilimwona Verlie amemlaza bata mzinga mezani, anamdunga kama daktari mwenye kinyongo. Alidunga kifua, akadunga mapaja, akamgeuza akadunga mgongo, na kila nilipodhani amemaliza alichukua chupa nyingine. Dalton alipomtumbukiza kwenye mafuta, mvuke ulitoka ukatukohoza sote wawili, na paka wa jirani aliyekuwa anatunyemelea aliruka ukuta akaenda zake.

"Mama ametia nini humu?" Dalton aliniuliza, machozi yanamtoka.

"Upendo," nikamjibu.

Tukakaa mezani. Dalton ndiye aliyeanza, kwa sababu siku zote ndiye anayeanza. Akatafuna mara moja. Akaweka uma chini taratibu, akakunja mikono, akatazama dari. Renelle akakohoa hadi Khoa akampigapiga mgongoni. Linh alilia. Emile aliinuka, akaenda kwenye friji, akatumbukiza ulimi kwenye kopo la maziwa na kuuacha humo. Na mimi, mjukuu wa wala mamba, nilihisi masikio yangu yanaziba. Wahenga walisema pilipili usiyoila yakuwashia nini. Mimi niliila, na ikaniwasha mpaka kwenye vidole vya miguu. Verlie mwenyewe alikuwa mwekundu kama nyanya, jasho linamchuruzika, anasema, "Ni moto wa mafuta tu. Kitapoa. Kuleni jamani."

Halafu tukasikia kimya kutoka upande wa pili wa meza. Bwana Dinh, baba yake Khoa, na Bi Tuyet walikuwa wanakula. Hawakukohoa, hawakunywa maji. Bi Tuyet alimaliza kipande cha kwanza, akachukua cha pili. Akafungua mkoba wake, akatoa kikaratasi, ndani yake kulikuwa na pilipili mbichi, zile ndogo nyekundu, akaweka moja kwenye sahani yake na nyingine kwenye ya mumewe, akaing'ata ya kwake kana kwamba ni karanga.

"Mwaka juzi," alisema, "nyama yenu kama karatasi. Nikasikitika. Nikamwambia mume wangu, watu wazuri, lakini masikini, hawana pilipili." Akamwelekezea Verlie uma. "Mwaka huu nzuri. Nzuri sana. Wewe unajua kupika."

Khoa alitoa macho. "Mama hajawahi kusifu chakula cha mtu yeyote," alituambia. "Hata cha harusi yetu alisema kinalika."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na wifi yangu alikuwa amesimama chini ya kisima chake amepigwa na butwaa, huku amesifiwa. Alikuwa hajui ashukuru au alie.

Chakula kilipokwisha, yaani mkate na viazi vilipokwisha, Bi Tuyet aliinuka kuelekea kwenye sinia. Verlie akawahi. Akalibeba lile sinia kifuani, mafuta yanamchafua blauzi.

"Mkwe mwenzangu, mifupa ni yangu."

"Naomba kidogo. Ya mgongo tu."

"Hata ya shingo sitoi."

Bi Tuyet aliinamisha kichwa kwa heshima, akarudi kukaa. Verlie akaniangalia kwa ushindi. Nikamfanyia ishara aangalie nyuma yake, kwa sababu Renelle alikuwa amesimama pale na watoto wameshavaa makoti.

"Mama, kesho watoto nawapeleka kwa mama mkwe. Amesema ana kuku nyumbani, atawapikia uji mwepesi."

"Lakini mifupa ninayo mimi!" Verlie alisema. "Ulisema mwenye mifupa!"

"Nilisema. Na hiyo mifupa nani ataila? Angalia ulimi wa Emile."

Emile akatoa ulimi tuuone. Verlie aliuangalia, akabusu kichwa cha mtoto, akawafungulia mlango. Nilitaka kumkaripia, maneno yote ninayo mdomoni, lakini alibaki amesimama mlangoni na sinia lake gari lilipokwisha ondoka, na roho iliniuma. Nikaenda nikaosha vyombo.

Ijumaa alipika hivyo hivyo. Ukaidi wa Wajerumani hautoki kwa gumbo. Nilipoingia nilikuta unga umekaangwa rangi ile ile aliyofundishwa na mama yangu, bamia zimelainika, na meza imeandaliwa mabakuli ya watu wote, pamoja na yale madogo ya plastiki ya watoto.

"Wanaweza kubadili nia," alisema bila mimi kumuuliza.

Dalton alipiga simu kusema tumbo halijatulia. Basi tukakaa wawili. Nilikula kijiko kimoja kwa ajili ya undugu. Pilipili haikupotelea kwenye maji wala kwenye bamia. Ilikuwa imeoga tu ikatoka imechangamka. Verlie hakula. Alikaa anakunja kitambaa cha kujifutia, anakikunjua, anakikunja.

"Odelia, nimejifukuzia wajukuu kwa mikono yangu," alisema. "Mwakani hawatauliza hata mifupa ikoje. Watakuwa wameshazoea kule."

Nilipaswa kumwambia hapana. Lakini niliona ni kweli, na mimi sijui kumdanganya mtu ninayempenda, kwa hiyo nikamshika mkono tu. Tulikaa hivyo, wazee wawili na sufuria inayoweza kulisha bandari.

Saa za mchana gari likasimama nje. Mlango ukagongwa, na kabla hatujajibu ukafunguliwa. Alikuwa Bi Tuyet, peke yake, amevaa koti juu ya aproni, miguuni ana ndara za ndani.

"Watoto wanakula uji kwangu," alisema. "Mimi nimekuja kula cha wakubwa."

Verlie aliinuka. Alichota wali, akamwaga gumbo juu, akaweka mbele yake, akakaa upande wa pili wa meza akamtazama mdomo. Bi Tuyet alikula. Alikula kama mtu aliyefunga, akifuta jasho la paji kwa mkono wa koti, na bakuli likaisha. Akalinyoosha. Verlie akajaza. La pili likaisha. Katikati ya la tatu akatoa simu, akapiga, akaanza kupayuka kwa Kivietinamu, akigonga meza kwa kijiko. Neno nililolielewa lilikuwa moja tu: Verlie.

Hawakuchelewa. Alikuja Bwana Dinh, na nyuma yake ndugu zake wa mashua, wanaume wa mabuti marefu ya mpira walioyavua mlangoni yakawa safu kama ya kituo cha zimamoto. Wakaja wake zao. Akaja bibi mmoja mkongwe sana, shangazi yake Bwana Dinh, aliyebebwa pamoja na kiti chake na kuwekwa karibu kabisa na sufuria. Mabakuli yakatuishia, nikakimbia kwangu kuleta mengine. Watu walikula wamekaa, wamesimama, wameegemea vikaushio vya nywele vya saluni, wanavuta makamasi na kucheka na kuomba tena. Yule bibi mkongwe alilia kwa pilipili na akakataa kabisa kunyang'anywa kijiko.

Mwisho kabisa wakaingia Khoa na Renelle na watoto, wamebeba uji wao kwenye kopo.

"Tumeachwa peke yetu na sufuria," Renelle alisema. "Mama, nini kinaendelea hapa?"

"Kaa," Verlie alimwambia. "Kama utapata pa kukaa."

Hapakuwa pamebaki. Renelle na Khoa walikaa kwenye ngazi. Emile na Linh waliingia chini ya meza na uji wao wakafanya humo nyumba yao, na kila mara mkono mdogo ulitokeza kuomba mkate.

Sufuria ilipofika chini, Bi Tuyet alimfuata Verlie jikoni. Nilikuwa nyuma yao, na sikuziba masikio.

"Nifundishe," Bi Tuyet alisema. "Sindano, pilipili, unga. Vyote. Mwakani nitapika kwangu, nyumba yangu kubwa."

Sasa, Verlie hana siri. Wapinzani wake wa saluni amewapa hata michanganyiko yake ya rangi. Nilijua atavuta kiti na kuanza kueleza tangu kuchagua ndege. Lakini alifuta mikono kwenye aproni, akainama kidogo, akatazama kule chini ya meza ambako miguu ya watoto ilikuwa inaonekana.

"Sikufundishi," alisema.

Bi Tuyet alinyanyua nyusi.

"Ukilitaka gumbo, utalifuata hapa hapa kila Ijumaa ya sikukuu," Verlie alisema. "Na wajukuu wangu uje nao."

Bi Tuyet alimtazama usoni, mzazi kwa mzazi. Kisha akachungulia sufuria, akaona bado kuna kidogo pembeni.

"Basi jaza," alisema, akanyoosha bakuli.